Dakika Nne Kabla ya Majina

Mfuko ulipasuka katikati ya ukumbi, saa kumi jioni, wakati ambao jengo lile la maduka ya simu hujaa watu mpaka huwezi kuinama ukafunga kamba ya kiatu. Diski zikamwagika. Nyingine zikabiringika hadi chini ya meza za wauza chaja, nyingine zikalala chali sakafuni, zinameta, na miguu inakuja.

"Simameni hapo hapo!" sauti ikanguruma kutoka kibanda cha mwisho. "Asikanyage mtu! Wewe mwenye buti, nyanyua mguu. Nyanyua, nimesema!"

Mwenye buti akanyanyua. Kila mtu mle ndani aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Fundi Hakati, kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe. Kazi yake ilikuwa kutoa filamu kwenye diski na kuziingiza kwenye simu na tableti za watu, wazitazame popote bila mtandao. Jina alilipata kwa ukaidi. Mafundi wenzake, ili filamu nyingi zienee kwenye nafasi ndogo, walizoea kukata mwisho wake: nyimbo, majina ya waigizaji, wakati mwingine hata dakika za kufungia hadithi. Yeye hakukata hata sekunde. Juu ya kibanda alikuwa ameandika kwa mkono wake: HAPA HATUKATI. UKITAKA KIPANDE, NENDA KWA JIRANI.

Msichana alikuwa amepiga magoti akiokota. Alivaa gauni la kijani lenye maua meupe, na sare ya unesi ameikunja kwapani.

"Unashika vibaya," Fundi alimwambia, akainama naye. "Diski hushikwa ukingoni. Taratibu, kama mtoto mchanga."

"Mimi ni nesi, kaka. Watoto wachanga nawashika kila siku, na siwashiki ukingoni."

Dada yake Fundi, aliyeuza makava ya simu kwenye kona ya meza hiyo hiyo, alicheka mpaka kava likamponyoka. "Leo umepatikana!"

Diski zilikuwa kumi na moja, zimechakaa, zimekwaruzwa kama mgongo wa sufuria. Zilikuwa za marehemu baba wa yule msichana. Baada ya wiki mbili angeondoka kwenda kuwa nesi wa kambi ya wajenzi wa barabara, mbali, kwa mkataba wa mwaka mmoja na miezi minne.

"Kule hakuna mtandao hata wa kuota," alisema. "Kuna simu moja ya setilaiti ofisini. Mara moja kwa mwezi, dakika tano kila mtu. Sasa nataka muvi hizi ziingie humu kwenye tableti. Ila nafasi ni ndogo, Fundi. Ule mwisho wa kila muvi, unaweza hata…"

"Ishia hapo. Umesoma kibao changu?"

"Nimesoma, ila mimi kwa kweli ule mwisho huwa…"

"Bibie, mwenye filamu aliitengeneza mpaka mwisho. Mimi ni nani nikate? Zitaingia zote, mpaka jina la mwisho kabisa."

Nesi alimtazama, akafumba mdomo, akatabasamu kama mtu anayerudisha kitu mfukoni.

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Kazi ya siku tatu ikachukua siku kumi na mbili. Kwanza diski zilikuwa mbovu kweli: ilibidi azifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, azipake dawa ya meno penye mikwaruzo, azisugue, azisuuze, azijaribu tena. Lakini sababu ya pili ilikuwa na gauni la kijani, na ilifika kila jioni ikitoka kazini, ikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ngapi leo?"

"Moja. Nusu."

"Mgonjwa wangu akipona kwa kasi hii, namzika."

"Basi kaa nyumbani. Nitakupigia."

"Nikikaa nyumbani utaharibu kwa upweke."

Naye akipiga simu, hata kama wameachana saa moja iliyopita, alianza hivyo hivyo: "Fundi wangu, wagonjwa wanaendeleaje?" Fundi Hakati, aliyezoea kuwajibu wateja kwa neno moja, alijikuta anaeleza hali ya kila diski, mkwaruzo kwa mkwaruzo, na upande wa pili mtu anasikiliza, anacheka.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mwalimu wa kijijini na dereva wa treni. "Hii baba aliitazama mpaka akajua mahali injini inapopiga honi," Nesi alisema, na macho yake yakaenda mbali. Fundi akaiacha iwe ya mwisho.

Fundi alikwisha kuamua kumposa. Lakini kusema pale mezani, dada amekaa, mwenye buti anasikiliza, jengo zima limetega masikio, halafu aambiwe hapana? Hapana. Asubuhi moja kabla wateja hawajafika alivaa shati jeupe, akaegemeza simu kwenye rundo la makava, akajirekodi. Alirudia mara tisa. Aliyoichukua ilikuwa ya dakika nne:

"Nesi. Kwa mdomo mimi ni mkali, unajua. Kwa hiyo nasema hapa, mahali ambapo siwezi kugeuza ikawa mzaha. Nakupenda. Ukirudi nataka nikuoe. Nitakungoja miezi yote hiyo, sitahesabu. Ukikubali, niambie siku utakayonipigia. Usiponiambia, nitajua umekataa, na sitakuuliza tena, maana sitaki uone haya ukizungumza nami…"

Akaeleza na nyumba watakayoishi, na ndoo aliyoikalia Nesi, na jinsi alivyojifunza mlio wa nyayo zake. Kisha akaichukua ile video na kuiweka ndani ya filamu ya mwalimu na dereva, pale treni inapoondoka kwa mara ya mwisho na picha inakuwa nyeusi, kabla majina hayajaanza kupanda. Aliunganisha kwa ustadi wake wote. Mshono hauonekani.

Siku ya kuondoka Nesi alikuja amevaa suruali ya safari na viatu vizito.

"Utaanza na ya mwalimu," Fundi alimwagiza.

"Ningeanza na ipi nyingine?"

"Mpaka majina."

"We na majina yako!" Hakuondoka. Alisimama, mkanda wa begi anauzungusha kidoleni. "Hakuna kingine cha kuniambia?"

Fundi aligonga kioo cha tableti kwa ukucha. "Kila kitu kimo humu."

Nesi akaitikia kwa kichwa, polepole, akachukua mzigo wake.

Simu ya kwanza iliingia baada ya mwezi. Sauti ilikuja imechelewa, kama inavuka milima kwa miguu.

"Fundi wangu! Wagonjwa wanaendeleaje?"

"Umeitazama ya mwalimu?"

"Nimeitazama! Mara tatu."

"Ikawaje?"

"Nzuri vile vile. Nimelia vile vile. Na wewe… huna la kuniambia?"

"Wewe je?"

"Mimi?" Dakika nzima kati ya tano walizopewa ikaliwa na mvumo wa simu. "Huku mvua inanyesha sana."

"Na huku pia," alisema Fundi Hakati, akalihesabu hilo kuwa jibu.

Basi wakazungumza habari za mvua. Mwezi uliofuata wakazungumza jua. Sauti ya Nesi ikawa ya adabu, ya mtu anayempigia mjomba. Dada alishuhudia yote kutoka kwenye kona yake ya makava.

"Muulize, mdogo wangu!"

"Nilishauliza."

"Lini? Kwa mdomo upi? Mimi nipo hapa kutwa sijasikia!"

"Siulizi mara mbili."

"Kiburi hicho utakipikia chai ukizeeka."

Fundi alikuwa mpole kwa wateja siku hizo, na hilo ndilo lililomtisha dada.

Mkataba ulipokwisha, Nesi alirudi jioni moja, saa kumi, ukumbi umejaa vile vile. Alikuwa ameiva kwa jua, amevaa gauni jipya la rangi ya machungwa, na kidoleni pete nyembamba. Fundi aliiona pete kabla ya uso.

"Fundi."

"Nesi. Karibu."

Aliweka mezani tableti mbili, ile ya zamani, kioo kimepasuka, na nyingine mpya.

"Nihamishie zote kumi na moja. Naolewa Jumamosi. Tukimaliza tunaondoka, yeye amepata kazi ya barabara nyingine, mbali zaidi."

"Hongera," Fundi alisema. Alitamani sauti yake ikauke zaidi. Akachomeka waya.

Tableti ile ilikuwa na tabia ya kuweka alama mahali mtu aliposimamisha filamu. Fundi alifungua ya kwanza: alama imesimama, zimebaki dakika kumi. Ya pili, dakika nane. Ya tatu, kumi. Akafungua ya mwalimu na dereva wa treni. Mwalimu amesimama kwenye jukwaa la stesheni, mkono juu, treni haijaondoka. Zimebaki dakika kumi na mbili.

"Hukuzimaliza," alisema. Hakuitambua sauti yake.

"Huwa simalizi. Si nilitaka kukuambia siku ile ukanifokea?" Nesi akacheka kidogo. "Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda, zamu ya usiku. Tulikuwa tunaanza muvi saa tisa, na saa kumi na moja anavaa koti, ananiambia, zima, tutamalizia. Hatukumalizia hata moja. Asubuhi akirudi anakunywa chai, tunabuni mwisho wetu, kila siku mwingine. Alipofariki nikasema, kama yeye hakuuona, na mimi sitauona."

Kwenye kona, dada aliacha kupanga makava.

"Hata ya mwalimu?"

"Hasa hiyo." Nesi alishusha sauti. "Fundi, nikuulize sasa, maana haina tena madhara. Mbona hukuwahi kusema neno? Nilipiga simu kumi na sita. Kila nikipanga foleni najiambia, leo atasema. Nawe unanitangazia hali ya hewa! Mwenzako alisema. Alikuja na matope mpaka magotini, akasimama mlangoni pa zahanati, akasema mbele ya watu wote."

Fundi alifungua kinywa. Lilikuwa jambo la kugusa kioo kwa kidole, kusogeza alama mbele dakika tano tu, na shati lile jeupe lingetokea. Kidole kilikuwa kimeinuka.

"Ndiye huyu?" Mtu mnene, mchangamfu, alijipenyeza kati ya watu akiwa ameshika boksi la viatu vya kike. "Fundi Hakati mwenyewe! Ndugu yangu, nipe mkono. Mimi naendesha mitambo kule kambini. Nakuambia, muvi zako ndizo zilizotuweka hai. Watu thelathini tunabanana mbele ya kioo kidogo kama kitabu! Halafu huyu bibi anazima kabla ya mwisho. Vijana walitaka kumwibia tableti waone, mimi nikalala nayo chini ya mto. Nikawaambia, mwisho wa mzee wake hauguswi na mtu."

Fundi aliushika ule mkono. Ulikuwa mgumu, na wenye joto.

"Mrudi baada ya saa moja," alisema.

Walipoondoka dada alisogea. Fundi alisogeza mwenyewe alama ya filamu ya mwalimu, na wote wawili wakatazama dakika nne, vichwa vimegusana. Ilipoisha dada alikuwa akilia waziwazi.

"Mkimbilie! Hawajafika mbali. Mwonyeshe, leo si Jumamosi!"

"Nimwonyeshe nini? Kwamba nilificha neno langu mahali ambapo yeye mwenyewe alitaka kuniambia haendi, nami nikamzima mdomo?" Alikuwa anafuta kioo kilichopasuka kwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje. "Ataolewa analia. Au hataolewa, na yule mtu aliyelala na tableti chini ya mto ataenda wapi?"

"Na wewe?"

Fundi aliifungua filamu ya mwalimu na dereva kwenye kompyuta, akaitafuta ile sehemu aliyoishona kwa ustadi wake wote, akaondoa picha, akaondoa sauti. Pengo tu hakuliziba. Mkono ulikataa kuvuta majina yasogee yakajae mahali pake. Akaiingiza vile vile kwenye tableti mpya, na nakala iliyokuwa kwenye ile ya zamani akaifuta.

Ijumaa mchana simu iliita.

"Fundi."

"Nesi. Kesho siku yako, na unapiga simu?"

"Nimetazama." Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. "Ya mwalimu, mpaka mwisho. Nilisema nisiingie kwenye nyumba ya mtu na mambo nusu nusu. Treni inaondoka, Fundi. Dereva hashuki. Mimi na baba hatukubuni huo hata siku moja."

"Pole."

"Halafu panakuwa giza. Giza refu. Nimehesabu dakika nne. Nikadhani imeharibika, lakini saa yake inatembea. Nikakaa, sijui kwa nini, nikangoja. Ulisema kila kitu kimo humu. Palikuwa na kitu pale?"

Ukumbi ulikuwa na kelele zake zote. Dada amesimama, makava mkononi, anamtazama mdogo wake mdomoni.

"Mkwaruzo," alisema Fundi Hakati. "Diski ilikuwa na mkwaruzo mbaya pale. Dawa ya meno haikufika."

"Mkwaruzo."

"Ndiyo."

"Na baada ya hapo ni majina tu?"

"Majina tu."

Nesi hakukata simu mara moja, wala Fundi. Walikaa hivyo, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake, mpaka mtu akamwita Nesi kwa mbali kuwa mshona gauni amefika.

"Haya, Fundi wangu," alisema. "Wasalimie wagonjwa."

Fundi aliiweka simu kifudifudi mezani. Kisha akapanda juu ya ndoo, akanyoosha mkono, akakibandua kile kibao, akakisimamisha chini ya meza maandishi yakitazama ukuta. Mwenye buti alikuwa amesimama mbele yake na simu mkononi, anataka filamu tano, na nafasi ni ndogo.

"Nikukatie mwisho?" Fundi aliuliza.