Alama Tano Nyekundu

Saa nane na robo mchana, Jumapili, mlinzi wa shule alirudi kutoka kula akakuta ukuta wa darasa la kwanza umechorwa alama tano za X kwa rangi nyekundu. Karatasi ya kijani ya mkaguzi, iliyosema jengo ni salama, haikuwepo tena mlangoni. Tetemeko la ardhi lilikuwa limepita siku tisa nyuma, na kesho yake saa moja asubuhi watoto mia tatu walikuwa wanarudi madarasani.

Mkaguzi wa majengo alifika saa tisa kasoro robo, amenuna. Watu walimpa jina la Mama Nyundo kwa ajili ya kinyundo chake cha kugongea kuta, na siku hiyo ungedhani anamtafuta mtu wa kumgonga nacho. Ukague majengo hamsini na tatu kwa wiki moja, halafu mtu akubandulie karatasi! Ebo!

"Nimeikuta chini ya mlango wa ofisi," alisema mwalimu mkuu, mama mmoja mwembamba, mpole. "Imekunjwa vizuri, haijachanika hata kona."

"Mhuni mwenye adabu zake," alisema Mama Nyundo. Akamgeukia mlinzi. "Nani aliingia kuanzia saa saba?"

"Mwalimu wa michezo, alifuata mipira. Na Mzee, baba yake mwalimu mkuu, yuko stoo anatengeneza kitasa. Huyo yuko hapa kila siku. Wengine sijawaona, haki ya Mungu."

Kopo la rangi nyekundu lilikuwa stoo, la kuchorea mistari ya uwanja. Mwalimu wa michezo akaitwa.

"Kopo ni langu, mkono si wangu," alisema, macho makavu. "Nilisema kikaoni mbele ya watu wote kwamba siingizi mtoto humo mpaka mitetemo iishe kabisa. Nimeshasema mchana kweupe, nijifiche nichore kuta za nini?"

Mama Nyundo akaguna. Jibu lilikuwa na akili.

Akachukua ramani ya jengo ofisini, akashika futi kamba. Nguzo zilifichwa ndani ya plasta, huwezi kuziona kwa macho. Ramani ilizionyesha kila baada ya mita tatu. Alama ya kwanza ilikaa juu ya nguzo. Ya pili, ya tatu na ya tano vilevile. Ya nne ilikuwa imepotea kwa nusu mita nzima.

"Hapo kachemka," mwalimu wa michezo akasema.

"Ngoja kwanza." Mama Nyundo alitoa kifaa chake cha kutafutia chuma ukutani, akakipitisha pale ramani iliposema pana nguzo. Kimya. Akakipeleka kwenye alama. Kikalia.

"Ramani ndiyo iliyokosea," alisema polepole. "Nguzo ilisogezwa wakati wa kujenga. Aliyechora hapa hakusoma ramani yoyote. Alikuwepo."

Akateremsha kifaa kufuata nguzo. Ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo zisitawanyike, zilitakiwa kuwa kila shubiri moja. Kikalia, kikanyamaza shubiri mbili, kikalia tena. Nguzo zote tano hivyo hivyo. Nguzo ya namna hiyo inaweza kusimama wima leo bila hata ufa, kisha mtetemo mmoja ukija na nguvu nondo zinabinuka na paa linakuja chini. Yeye alitafuta nyufa, hakuziona, akasaini.

"Mwalimu, nani alijenga hapa?"

"Baba," mwalimu mkuu alisema kwa fahari. "Kila mwaka huwa nawaambia watoto..." Akakatiza. Uso ukamshuka.

Mzee walimkuta stoo, kitasa mapajani.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mama Nyundo.

"Marahaba."

"Nguzo ya nne ilisogezwa lini?"

Akaweka bisibisi chini. Hakumtazama binti yake.

"Asubuhi ile ile ya kumwaga zege. Mlango ulihamishwa. Ringi nilikuwa nimekunja pungufu. Nimekuja kushtuka zimebaki nguzo tano, na zege limeshachanganywa. Zege halimsubiri mtu. Nikazitawanya zilizobaki. Miaka ishirini na sita, nikipita ukuta ule natazama pembeni."

"Kwa nini hukuja kuniambia?" Mama Nyundo akauliza.

"Huyu hapa." Alimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Kila sherehe ananisimamisha nipigiwe makofi. Ningeanzia wapi? Nikasema, mkaguzi akiona alama atapima tena, na mimi nitakuwa sijatamka neno."

"Na nisingepima?"

"Kesho alfajiri ningekaa mlangoni. Asingepita mtoto."

Mama Nyundo hakuwa tena na hasira ya kumwaga. "Wewe ulificha, Mzee, na mimi nilisaini bila kupima. Lawama tutagawana." Akaandika karatasi nyekundu, ya kukataza mtu kuingia, akatia jina lake chini kwa herufi kubwa.

Mwalimu mkuu alikuwa akilia wazi, hajifichi. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa mtandio.

"Watoto watasomea uwanjani. Wazazi nawaita leo saa kumi na moja. Utawaeleza wewe mwenyewe, Baba."

"Mwanangu, watanizomea."

Binti akamshika mkono, akamwinua kutoka kwenye kigoda.

"Basi watatuzomea wote wawili."