Chupa Iliyorudi Imejaa

Fundi alianguka kwenye kilomita ya mia moja na arobaini. Chupa yake ya maji ilikuwa imejaa.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka sitini na saba. Alikuwa katika msafara wa baiskeli wa watu ishirini na wawili. Safari ilikuwa ya siku tatu, kilomita mia kila siku, kuichangia wodi mpya ya wazazi. Vitanda kumi na tano vilikuwa vimefika bila magodoro. Mteja wake mmoja, mwenye kiwanda cha magodoro, alimwambia:

"Kila kilomita ishirini utakazoendesha mwenyewe, natoa godoro moja. Za kupanda gari sihesabu."

Mkewe aliona dalili mapema. Wiki zote za mazoezi, mumewe alirudi midomo imekauka, chupa kama ilivyotoka.

"Hii chupa unakwenda kuitembeza?"

"Sikusikia kiu."

"Na jasho lote hili ni la nani?"

Fundi alitundika baiskeli ukutani, juu ya cherehani.

Sababu aliijua. Akinywa, lazima asimame kukojoa, na kwa umri wake ni mara nyingi. Kiongozi wa msafara alikuwa dereva wa lori mstaafu. Walimwita Breki, kwa kuwa hakupenda kuzishika. Siku ya kwanza Fundi alisimama mara moja tu.

"Mzee," Breki alipaza sauti mbele ya wote, "tuko safarini au tunamwagilia bustani?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka. Tangu hapo hakunywa.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, misuli ya mapaja ilimkaza. Kichwa kikawa chepesi. Kona hakuiona. Baiskeli iliingia mtaroni, naye akaangukia kiwiko.

Nesi wa msafara alikuwa nyuma kwa pikapu. Alimlaza kivulini, akampima presha. Kisha akaitikisa ile chupa.

"Mzee wangu, maji haya umembebea nani?"

"Sikusikia kiu."

"Umri ukienda, kiu huchelewa. Usiisubiri. Mkojo wako leo una rangi gani?"

Fundi aliwatazama watu waliomzunguka. Nesi akawafukuza kwa mkono.

"Kama chai isiyo na maziwa," Fundi akasema.

"Basi mwili umekauka. Mkojo mzuri ni wa manjano hafifu. Unatumia dawa?"

"Ya presha. Ile ya kukojoza."

"Hiyo nayo inatoa maji. Usiiache, lakini ulipaswa kumuuliza daktari kabla ya safari."

"Niliogopa kuwachelewesha wenzangu."

"Mimi kazi yangu ni wodi ya wazazi, mzee. Mficha uchi hazai."

Alichukua lita moja ya maji safi. Akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko alivisawazisha kwa kisu, visifurike. Fundi alikunywa polepole, funda baada ya funda. Baada ya muda aliinuka, akashika usukani wa baiskeli.

"Weka chini," nesi akasema. "Leo unapanda gari. Kesho nitakupima tena."

"Na magodoro?"

"Ukifa njiani, yataongezeka?"

Fundi alipanda pikapu.

Jioni nesi aliongea na Breki mbele ya msafara mzima.

"Kila nusu saa, wote msimame. Mnywe. Mwenye haja aende."

"Hivyo tutafika kesho kutwa."

"Leo mmesimama saa moja na nusu kumwokota mtu mmoja."



Asubuhi presha ya Fundi ilikuwa nzuri na mkojo ulikuwa umetakata. Nesi alimruhusu, akakaa nyuma yake na pikapu. Baada ya nusu saa msafara ulisimama. Wanaume tisa waliingia vichakani upande huu, wanawake watano upande ule. Wa kwanza kuingia alikuwa Breki.

"Kiongozi," Fundi akamwita, "na wewe una bustani?"

"Kunywa maji yako, mzee."

Siku hiyo Fundi alijaza chupa mara nne. Walifika saa tisa alasiri, mapema kuliko siku ya kwanza na ya pili. Hakuna aliyeanguka.

Mkewe alimpokea, akaichukua chupa na kuigeuza juu chini. Haikutoka hata tone. Kisha akaona bandeji.

"Na hicho kiwiko?"

Fundi alimweleza yote, na hesabu ya hasara. Ngozi ya kiwiko, upana wa kiganja. Kilomita sitini ndani ya pikapu. Wodi ina vitanda kumi na tano. Magodoro yatakayofika ni kumi na mawili.