Mtungi Uliofungwa Nailoni

Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa ndoo, taratibu, kama kimeshikwa na mtu anayeogopa kuwaamsha wengine. Ilikuwa mara ya nne tangu walale, na majogoo walikuwa bado kimya. Mhandisi alifumbua macho akamsikiliza babu yake akigugumia maji, kisha akijikokota tena kwenda msalani.

Mhandisi hakuwa mhandisi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita. Babu alimpa jina hilo kwa sababu hapakuwa na kazi aliyoifanya bila kwanza kuitafutia njia ya mkato.

"Babu, hiyo ni kiu gani?"

"Ya ngamia," babu alijibu gizani. "Lala, mjukuu wangu. Ngamia hawahitaji mlinzi."

Mhandisi hakucheka. Alijua mambo ambayo babu hakuyajua.

Babu alikuwa fundi baiskeli, na alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Kila asubuhi alidungwa sindano ya insulini. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia, jirani yao mshonaji alikuja kumdunga kabla ya kufungua cherehani yake, na hakuwahi kukosa hata siku ya mvua. Dawa hiyo huharibiwa na joto, na nyumbani kwao hapakuwa na umeme wala friji. Ndiyo maana muuguzi wa zahanati aliwafundisha kutengeneza friji ya udongo: chungu kidogo ndani ya mtungi mpana, mchanga katikati, na kitambaa chenye maji juu. Mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni, na mtungi ukae kivulini penye upepo. Mama alipokwenda kumtunza dada yake aliyejifungua, kazi ya mtungi iliachiwa Mhandisi.

Wiki ya kwanza aliifanya vizuri. Wiki ya pili alichoka. Bomba lilikuwa mbali, foleni haiishi, na wenzake walikuwa wakiruka kamba. Akawaza: mchanga unakauka kwa sababu maji yanatoroka. Nikiyazuia yasitoke, sitakwenda bombani tena. Akachukua mfuko mkubwa mweusi wa nailoni, akauzungushia mtungi pamoja na mdomo wake, akaukaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kisha akausukuma pembeni, chini ya dirisha, usionekane na mtu. Kila alasiri jua lilipita dirishani na kuuangukia. Asubuhi, kichupa kikiwa kimepoa kwa baridi ya usiku, alikitoa mwenyewe kabla mshonaji hajafika.

"Umemwagia maji mtungi?" babu aliuliza kila jioni.

"Mchanga umelowa chepechepe, babu."

Na kweli mchanga ulikuwa umelowa. Ukweli uliobaki aliukunja akaukalia.

Siku ya sita tangu aufunge, aliporudi kutoka shuleni, aliingiza mkono ndani ya chungu. Kichupa cha dawa kilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Alifungua nailoni haraka, akaisukumiza chini ya kitanda, akaurudisha mtungi kivulini na kuumwagia maji. Hakumwambia mtu. Alitumaini kwamba dawa ikipoa itarudia hali yake. Lakini usiku kucha babu alikunywa maji, naye akalala akihesabu.

Kulipokucha, babu hakuweza kusimama. Mshonaji alimtazama mara moja tu, akaweka sindano chini.

"Leo hatudungi, baba. Leo tunakwenda zahanati."

"Cherehani yako je?" babu aliuliza kwa ulimi mzito.

"Cherehani haili. Itanisubiri."

Walimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake mwenyewe. Mshonaji alishika usukani, Mhandisi akamshikilia babu mgongoni. Mwili wake ulikuwa mwepesi, na kichwa kilikuwa kikiinama. Mhandisi alitamani babu atanie, hata amcheke yeye, lakini babu alinyamaza njia nzima.

Zahanati ilikuwa imejaa. Mwanamume mmoja aliyefungwa bandeji mguuni alimwona babu, akainuka kwenye benchi bila kuombwa, akaenda kuegemea ukuta.

Muuguzi alimchoma babu kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akakunja uso.

"Sukari imepanda mno. Mzee, umeanza tena ile chai yako ya sukari?"

"Sijaigusa, mwanangu."

"Mara ya mwisho ulisema hivyo hivyo, na glasi ilikuwa mkononi."

"Mara ya mwisho nilidanganya," babu alisema polepole. "Leo sidanganyi."

Muuguzi akatikisa kichwa. Mshonaji alitazama sakafu, kama mtu anayemwonea haya mwenzake. Babu aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba haaminiwi, akafumba macho. Mhandisi alisimama pale mikono ikining'inia. Hakujua kupima damu, hakuwa na dawa, hakuwa na nguvu ya kumbeba babu. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa.

"Umekuwa ukidungwa kila siku?" muuguzi aliuliza, akichukua kalamu.

"Kila siku," mshonaji alijibu, akiweka mezani kichupa walichokuja nacho. "Kwa mkono wangu."

"Basi tumwongezee kipimo cha dawa hiyo hiyo."

"Dada nesi, usimpe hiyo," Mhandisi alisema, na machozi yakamtangulia. "Babu hajanywa chai. Ni mimi. Niliufunga mtungi kwa nailoni ili maji yasitoke. Kichupa kikapata moto. Mimi nikanyamaza."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakukemea. Alifungua friji ya zahanati, akatoa kichupa kipya, akamdunga babu, kisha akamtundikia chupa ya maji ya mshipani. Zile saa mbili za kusubiri zilikuwa ndefu kuliko wiki nzima. Mhandisi aliketi akiutazama uso wa babu, asijue kama utabadilika.

Baada ya kupima tena, muuguzi alishusha pumzi. "Inashuka. Atalala hapa leo. Njoo, mtoto."

Alichovya pamba kwenye spiriti, akampaka mkononi.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Lakini spiriti ilikuwa mezani, haikutoka kwenye friji. Inapokauka, inageuka mvuke, na ili igeuke mvuke inahitaji joto. Inalichukua kwenye ngozi yako. Mtungi nao ni hivyo. Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka nje, na yanaondoka na joto la ndani. Wewe ukaona yanatoroka, kumbe yalikuwa kazini. Ukayafungia mlango, na juu yake ukauvisha mtungi nguo nyeusi, ambayo hula jua kuliko nguo nyingine."

Mhandisi alifuta pua. "Kwa hiyo ni lazima mchanga ukauke?"

"Ni lazima, na wewe ni lazima uumwagie tena. Hakuna njia ya mkato." Muuguzi alimshika bega. "Sasa sikiliza. Kutojua si dhambi, ungeniuliza, ningekueleza. Lakini ukimya wako ulitaka kunifanya nimwongezee mgonjwa dawa mbovu, na kumfanya mkweli aonekane mwongo. Kosa lisemwe likiwa changa. Likikomaa, hubebwa na asiyelitenda."

Mhandisi alikwenda kitandani, akapiga magoti.

"Babu, nisamehe."

Babu alifumbua macho. Midomo ilikuwa bado mikavu. "Nimesingiziwa chai ambayo hata sikuionja," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Angalau ningekunywa."

Mshonaji alicheka, akageuka upande wa ukuta kujipangusa macho. Babu akautafuta mkono wa mjukuu wake kwa kupapasa, akauweka juu ya kifua chake.

"Nenda shuleni. Halafu kesho uje tena kuniona, Mhandisi. Uje mapema."