Chochote Mtakachojaliwa

Asubuhi Bi Vifungo huongea kwa pua. Mdomo wake unakuwa umejaa pini, na wateja wamezoea. Akisema "mmh" mara moja, nguo yako iko tayari. Akisema mara mbili, njoo kesho. Jina hilo alipewa na watu wa mtaa, kwa sababu hajawahi kumkabidhi mtu nguo yenye kifungo kinachoning'inia.

Chumba chake cha kushonea kina cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu. Karibu na mlango hukaa mama yake mzazi, kwenye kiti chenye mto. Kazi ya mama ni kufumua mishono iliyokosewa, na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Hiyo shingo umeipindisha, mwanangu."

"Haijapinda, mama."

"Haya, basi macho yangu ndiyo yamepinda."

Jumanne moja mama alinyanyuka kwenda kunywa maji, akayumba. Alishika pazia, na pazia likaja naye. Bi Vifungo alitema pini, akaruka meza, akamdaka kabla hajafika sakafuni.

"Ni kizunguzungu tu," mama alisema.

"Dawa ya presha umekunywa?"

"Ninywe ya nini? Kichwa hakiumi."

"Mama! Daktari alisema kila siku. Kichwa kinauma au hakiumi, unakunywa."

"Alisema hayo mwaka juzi. Presha yangu ya leo anaijua?"

Hapo mama alikuwa na hoja. Presha yake ya leo hakuna aliyeijua. Hospitali iko juu ya kilima, na kufika ni mabasi mawili. Ukifika unakaa foleni nusu siku, kwa kipimo cha dakika mbili. Mama alikuwa ameapa kwamba kilima kile hakipandi tena, labda wambebe. Tangu mama aape hivyo, Bi Vifungo hakuwa na raha. Alishona huku sikio moja liko kwenye kiti cha mlangoni. Aliogopa kwamba siku moja atageuka, na mama atakuwa chini.

Hakuwa peke yake. Yeye na wanawake wenzake sita wa mtaa walikuwa na kikundi, na kila mmoja alikuwa na mzazi wa aina hiyo nyumbani. Hospitali ile ina mfuko wa afya ya jamii. Mwezi uliotangulia, mfuko huo ulikuwa umetangaza kwamba utatoa ruzuku kwa vikundi. Wanawake wale walikuwa wamechukua fomu wakaomba. Bi Vifungo ndiye aliyeandika, maana ana mwandiko mzuri.

Jibu lilifika Jumanne ileile ya kizunguzungu, mchana. Liliandikwa hivi: "Ombi lenu limerudishwa. Sehemu ya pili, ya tatu na ya nne hazikujibiwa vya kutosha. Mnaweza kuomba upya kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni."

Bi Vifungo aliona neno moja tu: limerudishwa. Alimpa mume wake karatasi. Mume ni fundi rangi, na alikuwa na rangi ya kijani hadi kwenye nyusi.

"Afadhali," mume alisema. "Wangetupa leo, kesho wangekuja kubeba cherehani."

"Siyo mkopo, baba watoto."

"Una uhakika?"

Ukweli ni kwamba hakuwa na uhakika.

Jumatano asubuhi alimwacha mama kwa jirani, muuguzi mstaafu, akapanda kilima mwenyewe. Ofisi ya mfuko iko nyuma ya hospitali, karibu na chumba cha kufulia mashuka. Alimkuta afisa, mtu mwembamba, mzee kidogo, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Nimekuja kujua tumekosa nini mpaka mkatukataa."

"Nani kawakataa?" Afisa aliipokea barua akaisoma. "Limerudishwa, halikukataliwa. Tukikataa huwa tunaandika 'tunasikitika'. Hebu nionyeshe, tumesikitika wapi hapa?"

Bi Vifungo alitafuta. Hakuona.

Afisa alitoa fomu yao kwenye faili, akaisoma kwa sauti. "'Kwa heshima na taadhima, sisi wana wenu wanyonge, tunawatakia afya njema, ninyi na familia zenu na majirani zenu.' Asante, salamu tumezipokea, zimejaza ukurasa mzima. Sasa hapa fomu inauliza: mnahitaji nini? Ninyi mmejibu: 'Chochote mtakachojaliwa.'"

"Ndiyo."

"Chochote?"

"Tulilijadili sana, baba. Tuliona tukitaja vitu tutaonekana tuna tamaa. Chochote mtakachojaliwa ni adabu."

"Ni adabu kwa jirani. Hapa haitusaidii. Unafanya kazi gani, mama?"

"Fundi cherehani."

"Mteja akikuletea kitambaa akasema, nishonee chochote, utakata?"

"Nitakataje? Gauni au suruali? Ya nani? Mnene, mwembamba? Lazima nipime kwanza."

"Na akikataa kupimwa?"

"Namrudishia kitambaa chake."

Bi Vifungo alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. Afisa naye alicheka, na aibu yote ambayo Bi Vifungo alipanda nayo kilima ikamtoka.

"Sasa nieleze," Bi Vifungo alisema. "Hii ruzuku ni deni?"

"Siyo deni. Hamrudishi kitu. Ila mnafanya kazi ileile mliyoiandika, siyo nyingine. Baada ya miezi mitatu mnatuletea taarifa: mmefanya nini, na kumebadilika nini. Basi."

"Na anayejaza fomu analipa?"

"Halipi hata senti. Mtu akikudai pesa ili akujazie, mkimbie." Afisa alipekua ukurasa wa pili. "Mmeandika mna wazee wengi wenye presha. Wengi ni sita au sitini? Mimi mtaani kwenu sijawahi kufika, na kamati haijafika. Tuonyesheni kwa maandishi. Na awepo mtu wa afya wa kusimamia. Kupima presha siyo kumfunga mtu utepe mkononi."

Alirudi mbiombio. Mchana huohuo wanawake saba waligawana mtaa, wakaanza kugonga milango.

"Tunahesabu wazee," Bi Vifungo alimwambia mwanamume mmoja mwenye mvi kichwa kizima.

"Basi nyumba hii iruke, mwanangu."

"Ana miaka sabini na minne!" mke wake alipiga kelele kutoka ndani. "Mwandike!"

Waliuliza mambo matatu tu. Una miaka mingapi? Umewahi kuambiwa una presha? Mara ya mwisho ulipimwa lini? Mzee mmoja alijibu kwamba alipimwa alipokuwa bado na meno. Walicheka, lakini wakaandika. Hadi Alhamisi jioni walikuwa wamepata wazee arobaini na watatu. Kumi na tisa walijua wana presha. Kati ya hao, kumi na sita hawajapimwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Kicheko kiliisha chumbani. Bi Vifungo alikuwa amedhani hofu ile ni yake peke yake.

Muuguzi mstaafu alikubali kusimamia, akatia sahihi. Kisha wakafika kwenye lile swali la mnahitaji nini.

"Mashine moja ya kupimia," alisema muuza mboga, mmoja wa wale saba.

"Mbili," alisema muuguzi. "Moja ikiharibika je? Na kila mashine iwe na mikanda ya kufunga mkononi ya saizi mbili. Mkono wa mzee wako na huu wangu mnene ni sawa kweli?"

"Mbili? Si watatuona walafi?"

"Tutaeleza sababu," Bi Vifungo alisema.

Aliandika: mashine mbili za presha, mikanda ya saizi mbili kwa kila moja, mafunzo kwa watu wawili, daftari la kumbukumbu. Watapima kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha kushonea. Mwenye presha ya juu atapelekwa hospitali na barua. Mkono ulimwasha kuongeza salamu. Alijizuia, akaandika "Asante" mara moja tu, mwishoni.

Ijumaa saa nane alikabidhi fomu. Nakala yake ikagongwa muhuri, akaondoka nayo.

Wiki tatu baadaye simu ililia akiwa na suti ya mteja mkononi. Alisikiliza, akajibu "mmh", akakumbuka kwamba anaongea na ofisi, akatema pini zote. "Ndiyo, ndiyo, mimi ndiye." Alipokata simu alikaa chini palepale, juu ya vitambaa. Ombi lao lilikuwa limekubaliwa. Muuza mboga alisikia vigelegele vyake akiwa kibandani, akaja mbio akidhani kuna harusi.

Jumamosi ya kwanza baada ya mashine kufika, mama ndiye aliyetangulia. Muuguzi alimwelekeza akae dakika tano, mgongo kwenye kiti, miguu sakafuni, mkono juu ya meza, na asiseme kitu. Hayo ya kutosema yalimshinda mara mbili, ikabidi waanze upya. Kipimo kilikuwa mia na themanini na sita kwa mia na nane. Ilikuwa juu mno. Muuguzi aliandika barua, na mume wa Bi Vifungo akaomba gari la tajiri wake, likampandisha mama kilimani siku hiyohiyo. Kwa kuwa alikuwa na barua yenye kipimo, alimwona daktari mapema. Dawa ilibadilishwa. Mama alielezwa kwamba presha inaweza kuua mtu ambaye kichwa hakimuumi hata kidogo. Siku hiyo hakutoa maoni. Tangu hapo anameza kidonge kila asubuhi, baada ya chai, na anawagombeza wenzake ambao hawajameza.

Miezi mitatu ilipotimia, afisa alikuja kuchukua taarifa. Alikuta wazee wamejaa hadi barazani. Mama alikuwa kwenye kiti cha kupimiwa, kimya. Mashine ilivuma, ikanyamaza.

"Mia na thelathini na mbili kwa themanini," muuguzi alisema.

"Pima tena," alisema Bi Vifungo.

Walisubiri kidogo, wakapima tena. Ikawa vilevile.

Bi Vifungo alilia mbele ya wageni wote, kwa sauti, bila kujificha.

"Unalia nini na mimi mzima?" mama aliuliza.

"Ndiyo maana nalia, mama."

Mama alimfuta uso kwa kiganja. Kisha akainuka mwenyewe, bila kushika kitu, akamgeukia afisa.

"Na wewe, baba. Mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Afisa alianza kuhesabu miaka kwa vidole, akaacha njiani.

"Kaa hapa," mama alisema. "Miguu chini. Na usiongee."

Afisa akavua koti.