Robo Saa Bila Kofia

Tangu Pamba azaliwe, siku nane zilizopita, dada yake hakuhitaji tena kuamshwa. Kabla jogoo wa jirani hajawika alikuwa ameshawasha jiko, amebandika sufuria la maji na kufagia ua. Kisha alinyata hadi mlangoni mwa chumba cha mama yake akasikiliza kama mdogo wake anapumua. Alikuwa anapumua. Kila asubuhi alikuwa anapumua, na kila asubuhi msichana huyo alifurahi kama ndiyo kwanza ameambiwa.

Watu walimwita Redio. Jina hilo alipewa na shangazi yake, fundi cherehani, kwa sababu habari ikishaingia sikioni mwake haikai. Itatokea mdomoni tu na mtaa mzima utaipata. Shangazi huyo huyo ndiye aliyempa mtoto mchanga jina la Pamba. Siku alipompakata mara ya kwanza alisema, "Mbona huyu hana uzito? Mito ninayoshona mimi ni mizito kuliko yeye."

Asubuhi hiyo Pamba alikuwa anapelekwa zahanati kupimwa na kuchomwa sindano. Ulikuwa msimu wa baridi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa, na upepo ulipenya nguo kama vile hukuvaa kitu. Mama alimvisha mtoto fulana, nguo ya mikono mirefu na soksi. Kofia ya sufu aliivuta hadi ikafunika masikio, kisha akamzungushia blanketi.

"Tungesubiri jua litoke kidogo," mama alisema.

"Wifi, jua likitoka utakuta foleni imefika barabarani," shangazi alimjibu akiwa mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida yake. "Pale nani atakuhurumia? Twende. Redio naye aje kutusaidia kumbeba, shuleni nimemwombea ruhusa."

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha nesi, dirisha moja la karani, na baraza refu lililo wazi pande tatu. Kwenye baraza kulikuwa na benchi la saruji, baridi kama barafu. Akina mama walikaa hapo na watoto wao, wamejikunyata, migongo wameupa upepo.

Hatua kumi tu kutoka barazani ulisimama ukumbi mpya wa kusubiria. Ulikuwa na madirisha ya vioo, dari jeupe na viti vya mbao vilivyopangwa safu kwa safu. Mlango wake ulipigwa kufuli, na mbele ya mlango utepe mwekundu ulifungwa kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Ukumbi huo ulikamilika mwaka uliotangulia. Ulikuwa unamsubiri mkubwa fulani aje akate utepe, naye mkubwa alikuwa na shughuli nyingi. Msimu mzima wa baridi wa mwaka jana ulipita hivyo, viti vikiwa ndani na watoto wachanga wakiwa nje. Wanawake waliokalia benchi lile hawajasahau, na hakuna sababu ya kuwaambia wasahau.

Shangazi alishika nafasi kwenye foleni. Mama alitakiwa kwenda dirishani kuandikisha kadi, na dirishani kulikuwa na msongamano wake.

"Mshike mdogo wako," alimwambia Redio. "Kaa hapa kwenye kona, ukuta unazuia upepo. Na usimfunue."

"Simfunui, mama."

Alikusudia kweli kutomfunua. Lakini zahanati ilipakana na njia ya kwenda shuleni, na haikupita muda akasikia anaitwa kutoka kwenye uzio. Walikuwa wenzake watatu wa darasani, mabegi mgongoni, pua zikiwachuruzika kwa baridi. Redio aliinuka akawafuata, akaiacha kona yake.

"Matangazo tumeyasikia siku nane," alisema msichana mmoja mwenye miwani. "Leo tunataka picha. Wewe ni redio tu, au na televisheni?"

"Huyu hapa," Redio alisema, akiwainulia.

"Tunaona blanketi. Labda umebeba mkate."

Wote wakacheka. Redio aliona aibu kidogo, akafungua ncha ya blanketi. Uso wa Pamba ukatokea, mdogo, umekunjamana, unakasirikia ulimwengu mzima. Wasichana wakaguta kwa furaha.

"Na zile nywele ulizosema zinafika shingoni?"

Redio akavua kofia. Nywele zilikuwepo. Zikaguswa na mikono mitatu.

"Na vidole vya miguu? Ulisema ni kama punje za mahindi."

Soksi moja ikavuliwa. Vidole vikahesabiwa, kimoja kimoja, kisha vikahesabiwa upya kwa sababu mwenye miwani alisema ameona sita. Kila mmoja alitaka Pamba amshike kidole. Kila mmoja alitaka mara ya pili. Upepo ulikuwa unapita katikati ya waya za uzio, lakini nani alikuwa na habari na upepo? Redio hakuwahi kuwa na kitu ambacho watu walikitaka namna ile.

Kengele ya shule ilipolia, wenzake walitimua mbio. Redio alirudisha kofia upesi upesi, ikakaa upande. Soksi alikuwa ameiangusha kwenye majani yenye umande. Aliiokota, akaona imelowa, akaitia mfukoni.

Mama aliporudi, Pamba alikuwa kimya.

"Amelala?"

"Amelala," Redio alisema.

Mama alimchukua, akajaribu kumnyonyesha. Pamba aligusa titi kwa midomo, akaliacha. Akajaribiwa tena, akaliacha tena. Jana yake alikuwa ananyonya kama mtu anayekimbizwa. Mama aliingiza mkono ndani ya blanketi, akaushika mguu.

"Wifi, mguu huu ni wa baridi. Na soksi yake iko wapi? Labda imeanguka njiani. Sijui ni huu upepo?"

"Ni huu upepo," shangazi alisema kwa hasira. "Na hili benchi."

Upepo ulikuwa umebeba lawama yote, na haukuwa na mdomo wa kujitetea. Kwa nusu dakika Redio alijisikia mwepesi. Baada ya hapo mkono wake ukaigusa soksi mfukoni.

Shangazi hakusubiri foleni. Aligonga mlango wa nesi, na nesi akatoka. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu. Aliweka kiganja kwenye kifua cha Pamba, akamtia kipimajoto kwapani, akasubiri, akasoma.

"Thelathini na sita. Hatakiwi kushuka chini ya thelathini na sita na nusu. Mama, huyu alikaa wazi?"

"Hapana, nesi. Nimemfunika tangu nyumbani."

Nesi alivuta karatasi. "Mtoto aliyefunikwa vizuri hivi, akapoa, akaacha kunyonya, naogopa ana ugonjwa ndani. Nitakuandikia barua. Mwende hospitali kubwa sasa hivi."

Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa saa mbili, barabara yote ni ukungu na upepo. Redio aliona mama yake anakaza blanketi kwa ajili ya safari. Aliona kalamu ya nesi ikigusa karatasi.

"Sio ugonjwa," alisema. Sauti yake, inayosikika mtaa mzima, ilitoka ndogo. "Ni mimi. Nilimfunua."

Mama aligeuka.

"Nilimpeleka kwenye uzio. Nilimvua kofia, na soksi. Wenzangu walitaka kumwona." Alitoa soksi mfukoni, ikiwa bado imelowa. "Halafu nikasema amelala, na sikujua kama amelala."

"Kwa muda gani?" nesi aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayehitaji jibu.

"Tangu mama aende dirishani mpaka kengele ya shule. Kama robo saa."

"Kabla ya hapo alikuwa ananyonya?"

"Alinyonya vizuri tu asubuhi," mama alisema. Machozi yalikuwa karibu, na ilikuwa vigumu kujua kama ni ya hasira au ya ahueni.

Nesi aliiweka kalamu chini. "Basi hapa habari ni nyingine. Huyu anaanza kwa kupashwa joto, na anapashwa hapa. Nikimtia barabarani namzidishia baridi. Tumpe saa moja. Asipopanda, ndipo aende." Alitazama chumbani kwake, ambako mama mwingine alikuwa anagumia kwa uchungu wa kujifungua. "Ila humu hamna nafasi, na huko nje ndiko kulikomfikisha hapa."

Akaugeukia ukumbi mpya, kisha akaita, "Bwana karani. Lete ufunguo wa ukumbi."

Karani alichungulia dirishani. "Ukumbi haujafunguliwa rasmi, dada. Mgeni hajafika. Isitoshe tatizo limeletwa na binti huyu. Mmemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia. Kosa lake ni la robo saa, na amelisema. Letu lina mwaka mzima, na hakuna aliyelisema, hata mimi. Lete ufunguo."

"Nani atajibu nikiulizwa?"

"Mimi. Andika jina langu, andika na saa."

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni mwa ukumbi. "Na utepe huu niliushona mimi," alisema, bila kupaza sauti, lakini benchi zima lilisikia. "Ulikuja dukani kwangu kabla ya mvua za mwaka jana, bwana karani, ukanikalisha mpaka jioni, ukasema ni wa Ijumaa. Nimehesabu Ijumaa mpaka zimenichosha. Fundo ni langu, nalifungua mwenyewe."

Akalivuta kwa vidole viwili. Utepe ukaanguka.

Karani alitazama foleni. Foleni nayo ilimtazama yeye, wanawake kumi na saba na watoto wao. Akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo. Kumbe siku zote alikuwa anatembea nao.

Waliingia wote. Nani angebaki nje? Nesi alimketisha mama mbali na mlango, akamwonyesha la kufanya. Pamba alivuliwa nguo zote isipokuwa nepi na kofia, akalazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Juu yao likapita blanketi, na juu ya blanketi koti la shangazi. Soksi kavu ilitoka kwa mwanamke mmoja ambaye Redio hakuwahi kumwona maishani mwake.

Redio alisimama ukutani. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Alihesabu viti, akamaliza, akavihesabu tena.

Halafu ikasikika sauti ndogo, ya kuvuta na kumeza, kuvuta na kumeza.

"Ananyonya," mama alisema.

"Taratibu, bwana, hakuna anayekunyang'anya," shangazi alimwambia Pamba, na ukumbi mzima ukacheka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Nesi alipima. Saa ilikuwa haijaisha. Kipimajoto kilisoma thelathini na sita na nukta nane.

"Barua nimeichana," nesi alisema.

Karani alikuwa amekaa pembeni, anajaribu kiti. "Kumbe vinakalika," alijisemea, wakazidi kucheka, na yeye akacheka nao. Tangu siku hiyo mlango haukufungwa tena. Mkubwa alifika miezi miwili baadaye, akakuta akina mama wameketi, akahutubia akiwa amesimama kwa kukosa kiti.

Nesi alimwita Redio. "Njoo hapa, mwanangu. Weka mkono wako kifuani kwake. Unasikiaje?"

"Joto."

"Hapo ndipo unapopima. Viganja na nyayo za mtoto mchanga hupoa haraka. Kifua kikipoa, kuna jambo. Kutoka nje siyo kosa. Ana safari zake kama hii ya leo. Avae nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, akingwe upepo, kofia isitoke, na asikae nje bila sababu. Joto lake linatokea kichwani kama mvuke kwenye sufuria lisilo na kifuniko."

"Ndiyo, nesi."

"Na la pili ni hili. Nilikuwa naandika barua ya hospitali kwa sababu nilikosa habari moja, na habari hiyo ulikuwa nayo wewe. Ukikosea kwa mtoto, sema mapema. Usingoje uone kama upepo utalaumiwa."

Redio aliinamisha kichwa. Kumbe lawama za upepo zilikuwa zimesikika hadi chumbani kwa nesi.

Walipotoka, jua lilikuwa limechomoza na ukungu umeondoka. Pamba alikuwa amepimwa, amechomwa sindano, amelia, amesahau. Barabarani mama alisimama, akashika kiuno.

"Mgongo unaniuma," alisema. Akamgeukia Redio, akamtazama kwa muda, kisha akamnyooshea mtoto. "Mshike."

"Mimi?"

"Kuna Redio mwingine hapa? Nilikasirika, na bado nina hasira kidogo. Lakini ungenyamaza, saa hizi tungekuwa njiani na mtoto anapigwa na baridi. Mtu anayesema kosa lake wakati bado linarekebishika, huyo naweza kumpa mtoto."

Redio alimpokea kwa mikono miwili, akakaza blanketi, akaanza kutembea kama aliyebeba trei ya mayai. Mbele kidogo fundi viatu aliacha nyundo yake, akainuka.

"Kijana wetu huyo? Hebu mfunue nimwone."

"Njoo nyumbani, mjomba," Redio alimjibu bila kusimama. "Umwone ndani, ukishanawa mikono."

Fundi viatu aliitazama mikono yake. Nyuma yao shangazi alicheka mpaka tepu ikamdondoka shingoni.