Kiti Kitupu Ng'ambo ya Meza

Narae alikuja soko la Seomun kumnunulia baba yake soksi, hana habari na mtu. Katikati ya msongamano, akipita mbele ya duka la chai, akaliona bakuli lake ukutani.

Limechorwa kwa rangi, lakini ni lake la wali: la shaba, limebonyea ukingoni tangu aliangushe siku ya kwanza kumpikia Taeksu, mpenzi wake wa zamani. Pembeni bakuli la supu, kijiko, vijiti, na lile birika la bati lenye mkono uliofungwa kitambaa. Vyombo vile vile vya chumba walichokuwa wakila pamoja, kabla Narae hajapata kazi mji wa Busan na Taeksu kumwambia, "Ukienda, nenda."

Akatazama tena, damu ikamchemka. Wali uko kulia, supu kushoto.

Akampigia Taeksu simu.

"Narae? Mpenzi, ni wewe?"

"Usiniite mpenzi. Shuka hapa kwenye duka la chai."

Taeksu, kama zamani, alikuwa akichorea ghorofa ya juu ya soko hilo hilo. Akaja mbio na kandambili, aproni imejaa rangi, nywele hazijaona kitana. Narae, koti la buluu amelifunga vifungo hadi shingoni, hakumsalimu.

"Wali kulia, supu kushoto. Huandaliwa nani hivyo?"

"Narae, ngoja..."

"Nakuuliza."

"Marehemu."

"Mimi nimekufa lini? Umenizika kimya kimya, hata supu ya msiba wangu sikuinywa?"

Mwenye duka, mama mmoja mnene, akaacha kufuta vikombe. "Mjibu, mwanangu. Hata wateja wangu huniuliza nani kafa."

"Kiangalie kijiko," Taeksu akasema. "Mpini umeelekea wapi?"

Narae akaangalia. Haukumwelekea yeye aliyesimama mbele ya picha. Ulielekea ng'ambo ya meza, kwenye kiti kitupu chenye mto mwekundu.

"Nimechora nikiwa nimekaa upande wangu," Taeksu akasema, na yeye sasa sauti imempanda. "Wewe ni wa upande ule. Kwako wali uko kushoto, kama kwa yeyote aliye hai. Tangu uondoke nakuandalia, halafu unanifokea mbele za watu."

Narae alitaka hasira imwishe, ikagoma.

"Rangi ulikuwa nayo, simu hukuwa nayo?"

"Nilishakwambia nenda. Ningeanzia wapi?"

"Kwenye samahani, mjinga wewe."

"Samahani."

"Bado nimekasirika."

"Najua. Nitahamia Busan na kiti hicho na birika. Tuoane, uwe unakasirika ukiwa umekaa, mpaka tuzeeke."

Narae akamgeukia mwenye duka.

"Mama, ishushe hiyo picha. Haiuzwi tena."

Kisha akafungua kifungo cha juu cha koti lake. Kimoja tu.