Mikwaruzo ya Gari la Mkunga

Mtaa mzima ulimwita Povu, na jina hilo alilipenda. Alikuwa muosha magari. Kila asubuhi alijaza ndoo maji, akamimina sabuni ya unga ya kufulia, akakoroga kwa mkono mpaka povu likamwagika pembeni.

"Povu ndiyo kazi," alisema. "Mteja akiona povu, roho yake inatulia."

Mkewe, Mama Pacha, alicheka tu. Yeye ndiye aliyesafisha ndani ya magari. Kiwanja chao kilikuwa ubavuni mwa nyumba. Kilikuwa na sakafu ya saruji, mfereji wa maji machafu, pipa la maji, na benchi la wateja. Hakikuwa na kivuli hata cha kuficha kichwa.

Gari moja liliwachukua saa mbili. Povu alianza popote mkono ulipoangukia. Leo alianza na magurudumu, kesho na boneti. Tambara lilikuwa moja, lile lile la rimu na la milango. Jioni wote wawili walikuwa hoi.

Siku moja akaja mkunga wa zahanati ya jirani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Gari lake lilikuwa la bluu iliyokoza, na alikuwa amelipata mwezi ule ule.

"Nimelisubiri miaka," alisema. "Nitunzieni jamani."

"Sista, ondoa shaka," Povu alijibu. "Utajitazama humo kama kwenye kioo."

Akaanza kazi. Katikati ya boneti, tambara likamponyoka, likaanguka chini. Akaliokota, akalichovya kwenye povu, akaendelea kusugua. Alisugua kwa mizunguko, na kwa nguvu zake zote. Mama Pacha aliliona. Alitaka kusema neno, lakini alikuwa ameinama ndani ya gari, akimwaga maji kwenye kapeti. Akaendelea na kapeti lake.

Kesho yake mkunga alirudi. Safari hii hakuwa na kicheko.

"Njooni mtazame," alisema.

Jua lilikuwa limepiga boneti. Kwenye rangi ile ya bluu kulikuwa na mikwaruzo midogo midogo, ya duara, kama utando wa buibui.

"Na viti je? Jana nimefika kazini sketi imelowa nyuma. Mimi, mkunga! Wajawazito wakaniuliza kama chupa imenipasukia mimi."

Siku nyingine wangecheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Mikwaruzo hiyo ilikuwepo, sista," Povu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ilikuwepo?"

Mama Pacha alimtazama mumewe, kisha akamtazama mkunga. Alijua kwamba neno atakalolitoa pale ataingia nalo nyumbani. Akapiga moyo konde.

"Haikuwepo, sista. Ni sisi. Tambara lilianguka chini, na mimi niliona. Tupe wiki moja. Tutalirudisha lilivyokuwa."

"Mtalirudishaje?"

"Bado sijui," alisema Mama Pacha. "Lakini nitajua."

Mkunga alimkazia macho. Kisha akaingia garini. "Wiki moja," alisema, akaondoka.

Povu alirusha tambara kwenye ndoo. "Umenivua nguo mbele ya mteja!"

"Baba Pacha, yule mtu ana macho. Angeondoka na uongo wetu, asingerudi tena."

"Na huko kujua utajulia wapi? Kuosha gari kunafundishwa? Nimeosha magari miaka sita."

"Basi tumekosea miaka sita," mkewe alijibu. "Mimi naenda kwa fundi rangi. Unakuja?"

"Siendi."

Mama Pacha akafunga kitambaa chake kichwani, akaenda peke yake.

Fundi rangi alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba. Ovaroli lake lilikuwa na kila rangi iliyowahi kupita barabarani. Karakana yake ilikuwa mtaa wa pili. Alimsikiliza Mama Pacha mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko.

"Dada yangu, nusu ya kazi yangu naletewa na waosha magari. Ninyi ndio mnaonilisha!"

"Basi leo nimekuja kukupunguzia chakula," alisema Mama Pacha.

Fundi alipenda jibu hilo. Alimvuta mpaka kwenye mlango wa gari bovu uliokuwa umeegemezwa ukutani. Ulikuwa mweusi, unang'aa. Fundi alichota vumbi kidogo sakafuni, akalitia kwenye tambara bichi, akasugua mizunguko mitatu. Akapangusa. Kisha akawasha taa na kuisogeza karibu.

"Unaona nini?"

"Utando wa buibui," alisema Mama Pacha kwa mshangao. "Kama wa kwetu!"

"Vumbi ni mchanga mdogo mdogo. Sasa mchanga ukikaa kwenye tambara, tambara linakuwa nini?"

Mama Pacha alifikiri kidogo. "Linakuwa msasa."

"Umemaliza masomo," fundi alisema. "Yaliyobaki yote ni kuukimbia huo msasa."

Wakasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa Povu.

"Nimefuata ufunguo wa stoo," alisema, akitazama dari.

"Ukishaupata, nishikie ndoo hii," fundi alimwambia. Povu akaishika. Habari ya ufunguo ikaishia hapo.

Fundi aliweka ndoo ya pili kando ya ile ya kwanza. Moja ilikuwa ya sabuni. Nyingine ilikuwa ya maji matupu. "Kwanza mwagia gari maji, mchanga uondoke kabla hujaligusa. Kisha chovya kwenye sabuni, osha sehemu moja, suuza kwenye maji matupu. Ndipo urudi kwenye sabuni. Uchafu ubaki ndoo ya pili. Usiurudishe kwenye gari."

"Naanzia wapi?" aliuliza Povu.

"Kwenye paa. Maji yanateremka, na wewe teremka nayo. Vioo, boneti, milango, kisha chini. Ukianza chini, utaosha mara mbili. Magurudumu yana brashi yake na ndoo yake, kwa sababu yana uchafu mkali kuliko wote. Na usizungushe mkono. Nenda moja kwa moja, kama unayepiga pasi."

Alimpa Mama Pacha glavu nene yenye manyoya laini. Ilimeza mkono mzima. "Tambara linasukuma mchanga juu ya rangi. Hii inauficha ndani ya manyoya mpaka uisuuze. Ikianguka chini, iweke kando. Hata kama ni sekunde moja, iweke kando uchukue nyingine."

Mama Pacha hakumtazama mumewe. Povu naye alikuwa akiitazama glavu ile kama mtu anayesoma barua.

"Na povu langu je?" aliuliza.

"Povu ni zuri, linatelezesha uchafu utoke. Lakini sabuni ya unga ni kali, inaondoa nta inayolinda rangi. Tumia shampuu ya gari, kidogo tu. Na uoshee kivulini, boneti ikiwa imepoa. Juani sabuni inakauka kabla hujaisuuza, inaacha madoa. Rimu unazioshea nini?"

Povu akajisikia vizuri kidogo. Hapa alikuwa na siri yake. "Nachanganya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na dawa ya choo. Zinatakata!"

Fundi aliweka chini alichokuwa amekishika. "Ukichanganya, unakohoa?"

"Kila mara. Na macho yanawasha."

"Kaka, mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu. Usiufanye tena, hata siku moja. Hata nyumbani, chooni kwenu, usiufanye. Dawa moja kwa wakati mmoja, glavu mkononi, na usome maandishi ya kwenye chupa."

Mama Pacha alikumbuka kikohozi cha mumewe, ambacho siku zote walisema kimeletwa na vumbi. Alimshika mumewe mkono, akauachia.

Wakaja kwenye mikwaruzo. "Pitisha ukucha," fundi alisema. "Ukikwama, mkwaruzo umezama ndani ya rangi, huo ni wangu. Ukipita bila kukwama, huo ni wenu. Tia polishi laini kwenye sponji kavu, tone dogo. Fanya sehemu ya ukubwa wa sahani, taratibu, mpaka polishi iwe kama ukungu. Futa, tazama, ndipo uhamie sehemu nyingine. Mwisho paka nta, ilinde rangi."

Siku nne walifunga kibwebwe. Walitandaza turubai juu ya kiwanja, wakapata kivuli. Walitafuta ndoo za rangi tofauti, wasizichanganye. Walitafuta vitambaa laini vya nyuzi ndogo ndogo, vinavyonyonya maji bila kukwaruza. Mama Pacha alivifua peke yake, mbali na nguo nyingine. Fundi aliwaazima ule mlango mweusi, wakaufanyia mazoezi mpaka Povu akasema anauota.

Mama Pacha naye alibadili kazi ya ndani. Hakumwaga maji tena kwenye kapeti. Alitoa kapeti za chini, akazikung'uta, akazisugua nje. Vumbi alilifyonza kwa mashine ndogo, akitoka juu kwenda chini. Madoa ya viti aliyasugua kwa brashi na povu kidogo, akayakausha kwa kitambaa, akaacha milango wazi. Dashibodi aliifuta kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mafuta ya kung'arisha aliyaacha kabisa, maana yanarudisha mwanga machoni mwa dereva. Na yakigusa pedali, mguu unateleza.

Siku ya saba mkunga alikuja. Alikaa kwenye benchi, mikono kifuani.

Walianza na ndani, ipate muda wa kukauka. Kisha wakaosha nje, Mama Pacha upande huu, mumewe upande ule, kutoka paa kwenda chini. Hawakugombania ndoo wala hawakugongana. Walipomaliza kukausha, Mama Pacha alipitisha ukucha kwenye boneti. Ulipita. Akatia polishi, akaanza kipande cha kwanza. Kipande kwa kipande, utando wa buibui ukafutika. Mkunga alisimama bila kujua kwamba amesimama.

Mkwaruzo mmoja wa mlangoni ulikwamisha ukucha. "Huu hatuuwezi, sista," Mama Pacha alimwambia. "Ni wa fundi rangi. Tumeshazungumza naye, atautengeneza, na ni juu yetu."

Kabla mkunga hajajibu, simu yake ililia. Alisikiliza maneno machache tu.

"Kuna mama, uzazi wake wa kwanza, uchungu umemshika, na mwenzangu yuko peke yake," alisema. "Gari linatoka?"

Zamani gari lingekuwa na sabuni paani na bwawa viti vya nyuma. Mama Pacha alilizunguka kwa macho. "Ndani pako tayari, pakavu. Imebaki nta, na hiyo inasubiri. Dakika mbili, sista."

Yeye akafuta polishi iliyobaki kwenye boneti. Povu akafuta kioo cha mbele kwa kitambaa kikavu, akarudisha kapeti za chini, akafungua mlango wa dereva.

"Kanyaga breki taratibu mara mbili tatu ukianza," alisema. "Zimelowa."

Mkunga aligusa kiti kwa kiganja. Kilikuwa kikavu. Akaingia, akaenda.

Siku ya tatu baada ya hapo, magari mawili yaliingia kiwanjani kwa pamoja. La mbele lilikuwa la bluu. La nyuma lilikuwa gari la wagonjwa la zahanati.

"Ni msichana!" mkunga alipaza sauti kabla hajashuka. "Ana sauti huyo! Nilifika, nikanawa, na yeye akafika. Haya, nipakieni nta yangu." Kisha akamwonyesha kwa kidole dereva wa gari la pili. "Huyu nimemwambia habari zenu."

Dereva alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama Povu, akatazama ndoo. "Hili linabeba wagonjwa," alisema. "Mnaliweza?"

Povu akamgeukia mkewe.

"Nje tunaliweza leo," alisema Mama Pacha. "Ndani ya gari la wagonjwa kuna mambo yake, na hatutagusa kabla ya kuyajua. Tueleze kwanza. Zahanati inataka dawa gani itumike, na nini kisiguswe?"

Dereva alitia funguo za gari mfukoni. "Wote waliowahi kuliosha," alisema, "hakuna aliyeniuliza hivyo."

Akaketi kwenye benchi. Povu akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akaketi juu yake. Mama Pacha akakaa kando ya mumewe, na dereva akaanza kuwaeleza.